MALI BILA DAFTARI: SIR ARTHUR PEARSON NA ASKARI VIPOFU



Kila tunapokutana sisi tuliopata kulala katika mabweni ya shule hii, neno moja halikosi kuzuka kabla mkutano haujafungwa: fedha zitapatikana wapi? Mmoja husema tuchangishane wenyewe kwa wenyewe. Mwingine husema tuwaandikie wenye makampuni. Wa tatu husimama akasema kuwa kubisha hodi kwa matajiri ni kuombaomba, na kuombaomba ni aibu. Mwaka huu nimeona heri nisiingie katika ubishi huo, bali nisimulie habari za mtu aliyekabiliwa na swali hilo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, naye mwenyewe akiwa kipofu. Nanyi vijana mnaokalia madawati yetu ya zamani, sikilizeni, maana kazi hii mtairithi.

Mtu huyo ni Cyril Arthur Pearson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1866, mtoto wa kasisi. Alipokuwa kijana wa miaka 18, gazeti moja la London lililoitwa Tit-Bits lilitangaza shindano la maswali, na zawadi yake ilikuwa kazi katika ofisi ya gazeti lenyewe. Pearson alipanda baiskeli akaenda mara kwa mara hadi maktaba ya mji wa Bedford kutafuta majibu, akashinda. Mwaka 1890 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Pearson's Weekly, na mwaka 1900 akaanzisha Daily Express.

Lakini kabla hajawa bwana mkubwa wa magazeti, alikwisha jifunza sanaa ya kuchangisha. Mwaka 1892 alianzisha mfuko wa kuwapeleka watoto maskini wa mijini mashambani kwa siku moja, wakavute hewa safi na kula wakashiba. Hakuwaambia wasomaji wake, "Tusaidieni kwa chochote." Aliwaambia kwamba peni tisa humpeleka mtoto mmoja. Mwenye peni tisa alijua amemfurahisha mtoto mmoja, na mwenye pauni aliweza kuhesabu watoto wake. Zaidi ya hayo, gharama za kuuendesha mfuko hazikukatwa katika peni hizo, bali zilibebwa na wenye mfuko. Hili ndilo funzo la kwanza: anayeombwa aelezwe kinagaubaga fedha yake itafanya kazi gani.

Kisha likamfika la kumfika. Macho yake yalishikwa na ugonjwa wa presha ya macho. Alipasuliwa mwaka 1908, lakini haikufaa kitu. Akayauza magazeti yake moja baada ya jingine, na ilipofika wakati wa vita alikuwa haoni kabisa. Wengi wangejifungia ndani. Pearson alikubali mwaka 1914 kuwa rais wa chama cha taifa cha kuwasaidia vipofu, chama ambacho pato lake wakati huo lilikuwa pauni 8,000 kwa mwaka. Katika muda usiozidi miaka minane pato hilo lilifika pauni 360,000.

Vita vilipoanza, askari waliopofushwa na risasi, mizinga na baadaye gesi walianza kurudishwa London. Mapema mwaka 1915 Pearson alifungua nyumba ndogo ya kuwapokea. Nyumba ikajaa mara moja. Hapo akapata msaada kwa Otto Kahn, tajiri wa benki wa New York, aliyekuwa na jumba kubwa lenye bustani pana katika Regent's Park. Jumba hilo liliitwa St Dunstan's, na Kahn akaliazima kwa ajili ya askari. Mnamo Machi 1915 wakahamia huko, na jina la nyumba likawa jina la shirika.

Hebu tuangalie jambo hili. Pearson hakumtaka mwenye benki ampe sadaka ya Ijumaa au ya kikapu cha Jumapili. Alitumia kile ambacho tajiri alikuwa nacho na hakukihitaji kwa wakati ule, yaani nyumba. Si kila msaada wa kampuni ni hundi. Mwenye malori ana malori, mwenye kiwanda cha saruji ana saruji, na mwenye karakana ana nafasi ya kumfundisha kijana kazi.

Tajiri mwingine alikuwa George Kessler, mfanyabiashara wa mvinyo wa Marekani. Mwaka 1915 alikuwamo katika meli Lusitania ilipozamishwa, akaokoka. Alipokuwa akijiuguza London alikutana na Pearson, na mwaka huo huo Kessler na mkewe wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia askari vipofu wa mataifa yaliyopigana upande mmoja na Uingereza. Helen Keller, mwanamke mashuhuri asiyeona wala kusikia, aliunga mkono kazi hiyo. Shirika lililochipuka kutoka mfuko huo bado lina jina lake, nalo limefanya kazi hata Tanzania.

Je, fedha zilifanya nini? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Pearson alichukia huruma ya machozi. Aliwakataza watu kuwaita askari wake "maskini wale". Kila aliyeingia alipewa saa ambayo mikono yake ingeweza kuisoma kwa kupapasa, ili asimwulize mtu wakati tena. Kisha akafundishwa breli, yaani maandishi ya nukta nundu, na kazi: kushona viatu, kusuka vikapu na mikeka, useremala, kufuga kuku, kukanda viungo vya wagonjwa, kupokea simu katika ofisi. Kwa hiyo alipoandika barua kwa wenye mali hakuomba chakula cha kipofu, bali aliomba mtaji wa fundi. Zaidi ya askari 1,000 walipita katika mikono ya St Dunstan's kutokana na vita hivyo.

Wakati huo huo, vyama vya kuwachangia waliojeruhiwa viliota kila mahali kama uyoga, na baadhi yake vilikuwa vya wezi. Mwaka 1916 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba hakuna ruhusa ya kuchangisha kwa jina la vita bila chama kuandikishwa, kuwa na kamati, kuweka vitabu vya hesabu na kuvikaguliwa. Wahenga wetu walikwisha sema: mali bila daftari huisha bila habari.

Pearson alikufa Desemba 1921 kwa ajali: aliteleza bafuni, akajigonga kichwa, akazama majini. Lakini kazi haikufa naye, kwa sababu alikwisha kuandaa warithi. Uenyekiti ulishikwa na Ian Fraser, kijana wa miaka 24 aliyepofushwa na risasi huko Somme mwaka 1916, naye akauongoza hadi mwaka 1974. Mwingine, Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepoteza macho Gallipoli mwaka 1915 na kupitia St Dunstan's, katika miaka ya 1950 alifanya kazi Uganda ya kuwasaidia vipofu. Shirika lenyewe lingalipo, na tangu mwaka 2012 linaitwa Blind Veterans UK.

Sasa turudi kwetu, maana vita hivyo vilipiganwa pia katika ardhi yetu, tangu mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na la Kariokor, Nairobi, ni mabaki ya jina la kikosi chao. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilisimamishiwa sanamu ya askari. Lakini sanamu haimlishi mjane. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina sawasawa, wengine hawakuandikwa kabisa, na mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia watu wao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Askari wa London alikuwa na jina, kitanda na mtu wa kumwandikia barua mwenye benki. Mpagazi wa Dodoma au Machakos hakuwa na hata kimoja. Tofauti hiyo ilitokana na utawala uliomhesabu mmoja kuwa mtu na mwingine kuwa mzigo juu ya mzigo. Hatutaki kumlaumu Pearson kwa hilo. Lakini tukumbuke kwamba hakuna mchango unaoweza kumfikia mtu ambaye jina lake halimo daftarini.

Katika Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika kidogo. Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza kuwafundisha kazi wanaume waliopofuka vitani, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa, mwaka 1946, shule ya vipofu ya Thika, ya kwanza nchini humo. Kilichoanza kwa ajili ya askari kikawafaa watoto.

Basi, ndugu zangu, je, kubisha hodi kwa makampuni ni aibu? Nadhani Pearson ametujibu. Ni aibu kama tunaomba bila kusema tunataka kufanya nini. Ni aibu kama tunamtangaza mwenye shida kwa machozi badala ya kumpa kazi. Na ni aibu kubwa zaidi kama mwakani tutasimama mbele ya mkutano bila kitabu cha hesabu. Lakini tukienda na majina ya wanafunzi wanaohitaji, na bei ya kila kitu, na risiti za mwaka uliopita, basi tubishe hodi bila kuinamisha vichwa. Katibu na atafute daftari jipya. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina, si fedha.