Ulimi wa Mtoto na Haki ya Kusikilizwa

Kicheko cha darasani humnyamazisha upesi mtoto mwenye kitembe. Kabla hujacheka nawe, ifahamu historia ya tiba ya usemi.

Taaluma hii ni changa. Vita Kuu ya Kwanza, iliyokoma mwaka 1918, iliwarudisha nyumbani askari waliojeruhiwa kichwani na kupoteza usemi. Ikabidi wafundishwe upya. Mwaka 1925 wataalamu wa Marekani waliunda chama chao, na wa Uingereza wakaungana mwaka 1945. Mwaka 1972, Jean Ayres wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu jinsi ubongo unavyoziratibu hisi. Alieleza kuwa mtoto asiyevumilia kuguswa, au anayeziba masikio kwa sauti za kawaida, huenda si mkaidi, bali hisi zinamlemea. Hoja zake zingali zikijadiliwa.

Katika Afrika Mashariki elimu hiyo ilikawia. Ni mwaka 2008 ambapo Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha, ya kwanza katika kanda yetu.

Nchini Burundi, sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ilitiwa saini tarehe 10 Januari 2018. Bunge la Taifa hukutana hapa Bujumbura, katika jumba la Kigobe. Lakini sheria haimfikii mtoto ikiwa jirani zake hawatambui shida yake.

Basi jifunze kutofautisha. Mtoto wa Kigobe anayesema "kurara" badala ya "kulala" si mgonjwa. Ameleta matamshi ya Kirundi, lugha isiyotenganisha sauti hizo mbili kama Kiswahili. Anayehitaji msaada ni yule ambaye hata maneno ya Kirundi cha nyumbani yanamshinda, ilhali wenzake wa rika lake wanayatamka. Ndiyo maana mtaalamu humsikiliza mtoto kwanza katika lugha ya nyumbani, na huhakikisha masikio yake yamepimwa. Kisha humzoeza kwa mchezo: sauti moja, silabi, neno, hatimaye sentensi.

Nawe una wajibu wako. Mtoto akizungumza, mtazame, umsubiri, wala usimmalizie neno. Ukiona shida inaendelea, washauri wazazi wake wampeleke hospitali akapimwe masikio, wasimwadhibu.