Mgonjwa wa Moyo na Amri ya Kupumzika

Mtu akiruhusiwa kutoka hospitali baada ya kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, nyumba nzima hubadilika. Mama akishika ndoo, watoto wanamnyang'anya. Akiinama kuchukua ufagio, mkamwana anamwahi. Jirani aliyekuja kumjulia hali hamalizi salamu kabla hajasema neno lile lile: pumzika. Neno hilo hutoka kwa upendo, wala siubezi upendo huo. Lakini kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, mapumziko yasiyo na mwisho ni madhara.

Fundisho hili halikuanzia mtaani. Lilitoka kwa madaktari. James Herrick wa Chicago, alipoeleza mwaka 1912 jinsi donge la damu linavyoziba mshipa wa moyo, alisisitiza mgonjwa alale kitandani kwa siku kadhaa. Waliomfuata wakazigeuza siku kuwa wiki. Ilipofika 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walithubutu kuwaketisha wagonjwa kitini, na madhara yaliyohofiwa hayakuonekana.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Dallas mwaka 1968. Bengt Saltin na wenzake waliwalaza vijana watano wa miaka 20 hivi kwa wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Vijana hao hao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana kuwa wiki zile tatu ziliwapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Ikiwa kitanda kinamfanyia hivyo kijana mzima, kinamfanyia nini mtu ambaye moyo wake tayari umechoka?

Kinyume cha kitanda ni mazoezi, nayo wengi hudhani huukomaza moyo wenyewe. Sivyo hasa. Kwa mtu ambaye moyo wake hausukumi damu vya kutosha, faida kubwa huonekana miguuni: misuli hujifunza upya kuitumia oksijeni inayoletewa, mishipa midogo hutanuka kwa wepesi. Ndiyo maana mtu aweza kupanda ngazi bila kuhema kama zamani, ilhali kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha moyo ule ule, karibu vilevile.

Hata hivyo, nasikitishwa pia na daktari anayesema "fanya mazoezi" kisha akaita mgonjwa mwingine. Hakuna anayeandika "kunywa dawa" bila kutaja vidonge vingapi. Mazoezi nayo yana dozi: siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, kasi gani. Kasi hupimwa kwa mdomo tu: anayetembea aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Na wapo ambao dozi yao kwa sasa ni sifuri: anayebanwa na kifua akiwa ameketi, anayezimia kwa sababu vali ya aota imebana, anayevimba miguu na kushindwa kulala chali. Hao watibiwe kwanza.

Siahidi muujiza. Utafiti wa mazoezi wa HF-ACTION, uliotangazwa 2009 kwa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa ambao mioyo yao haisukumi damu vya kutosha, ulipata faida ndogo, na wengi hawakutimiza dakika walizopangiwa. Tena wagonjwa wale si wetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52 na chanzo kikuu cha ugonjwa wao ni presha, si mishipa ya moyo kuziba. Mgonjwa wa umri huo bado analima, analea, anateka maji. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Akilinyanyua hubana pumzi na misuli, na presha hupanda ghafla. Kutembea njia ile ile ya kisimani mikono mitupu ni jambo jingine kabisa. Anayemwambia "epuka kazi nzito" bila kulitaja dumu hajamwambia kitu.

Na vifaa vya kumpima mgonjwa ili apangiwe dozi? Yatosha korido ya mita 30, viti viwili vya plastiki na muuguzi mwenye saa. Mgonjwa atembee kati ya viti kwa dakika sita; akichoka asimame, akipata pumzi aendelee. Mita alizofikisha ziandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, chini ya presha na uzito, pamoja na dakika za kutembea alizopangiwa. Akirudi baada ya miezi mitatu, atembee korido ile ile.