Kufundisha gitare kwa simu na kulipwa: bei, feza na masharti

Mtu anayejua kupiga gitare Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani ao Lubumbashi anaweza leo kufundisha mwanafunzi aliye Brussels, Montreal ao Nairobi bila kutoka nyumbani. Inapashwa tu kuwa na simu, mega na mahali pa utulivu. Wengi wanafanya hivyo bure, ao kwa zawadi yoyote mwanafunzi anayotaka kutoa. Wengine wanataka kulipisha lakini hawajui bei gani, feza ipite wapi, na wanaogopa kuonekana watu wa tamaa. Maelezo haya yanaonyesha namna kazi hiyo inavyopangwa, toka bei mpaka somo lenyewe.

Haikuanza leo

Gitare ya Kongo ina watu wanaoitafuta tangu zamani. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga gitare Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Rekodi za wakati ule, pamoja na wimbo «Masanga», zilifika mbali. Mwenda alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini mtu aliyesikiliza alifikiri wanapiga watu wawili. Mwaka 1969 alikwenda kupiga Marekani, kwenye tamasha la Newport.

Mwaka 1979 mpiga gitare Mwingereza, John Low, alisafiri mpaka Lubumbashi ili ajifunze kwa Mwenda mwenyewe, kwa Edouard Masengo na kwa Losta Abelo. Aliandika kitabu juu ya safari ile, kikachapishwa Vienna mwaka 1982. Wakati ule mwanafunzi alipashwa kulipa ndege ili akae mbele ya mwalimu. Leo ni sauti na picha ndizo zinazosafiri.

Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Sifa ile ni ya wote, lakini haimlipi mpiga gitare wa kartie hata franka moja. Kama wenye kujua mkono hawafundishi kwa bei inayojulikana, wengine walio mbali wataufundisha, tena kwa kulipwa.

Kinachouzwa ni nini

Neno linalosikika mara nyingi ni hili: «Unatulipisha juu ya nini, wewe ulijifunza bure?» Ni kweli, wengi walijifunza kwa kukaa karibu na yaya ao mzee, kumwangalia vidole, kumbebea gitare, kutumwa kununua nyuzi. Ile haikuwa bure kabisa. Mwanafunzi alilipa kwa kazi, kwa heshima na kwa miaka.

Mwanafunzi wa mbali hawezi kubeba gitare ya mwalimu. Analipa feza mahali pa kazi ile. Na hanunui wimbo, maana wimbo anaupata kwenye YouTube. Hanunui siri pia. Ananunua saa moja ya mtu na sikio la mtu. Video inaonyesha kidole kinawekwa wapi. Video haiwezi kusema: «Mkono wako wa kuume unawahi, ngoja kidogo.»

Mfano mzuri ni mi-solo, gitare inayokaa kati ya akompa na solo katika bendi ya Kongo. Akompa anashika mwendo, solo anaongoza sebene, naye mi-solo anasuka katikati yao. Mtu anaweza kujua noti zote za mi-solo na bado ikasikika vibaya, sababu anaingia mahali pasipo pake. Kosa la namna hiyo linasikiwa na mwalimu anayemsikiliza yule mwanafunzi peke yake. Hapo ndipo feza ya somo la watu wawili inapopata maana.

Kupanga bei

Kosa la kwanza ni kuhesabu dakika za somo tu. Somo la dakika 45 lina kazi mbele yake na nyuma yake: kutayarisha, kurekodi zoezi fupi, kulituma, kujibu maswali ya mwanafunzi katikati ya juma. Mara nyingi somo la dakika 45 linakula saa moja na nusu.

Nyuma ya saa zinakuja gharama. Mega ndizo kubwa. Kuna njia rahisi ya kuzijua: kabla ya somo angalia kwenye mipangilio ya simu ni mega ngapi zimetumika, angalia tena nyuma ya somo, toa hesabu. Masomo mawili ya kujaribu yanatosha kuonyesha ukweli. Ongeza feza ya kuchaji simu ao ya mafuta ya jenereta kama umeme unakatika, nyuzi mpya, na makato ya kutoa feza.

Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu anataka dola 4 kwa kila saa ya kazi yake. Saa moja na nusu ni dola 6. Mega na umeme ni dola 1,5. Makato ni nusu dola. Somo moja ni dola 8. Akiomba dola 5, anajitolea dola 3 kila mara bila kujua, na nyuma ya miezi miwili atachoka, ataanza kukosa masomo, na jina lake litaharibika.

Je, mtoto wa kartie alipe sawa na mtu wa Ulaya? Hapana, na si ubaguzi. Mtoto wa kartie anakuja kwa miguu, hakuli mega, na anaweza kuwa mmoja kati ya watano wanaokaa pamoja. Lakini watu wawili walio mbali, wenye somo la namna moja, wapewe bei moja. Wanafunzi wanaongea kati yao, na anayegundua kwamba amelipa mara mbili kuliko mwenzake hatarudi.

Bei isemwe mapema, kwa tarakimu. Maneno kama «utaona wewe mwenyewe» ao «utanipa kitu kidogo» yanaonekana kuwa ya adabu, lakini yanamweka mwanafunzi katika mashaka na mwalimu katika kinyongo.

Feza inafika namna gani

Diaspora ina programu nyingi za kutuma feza ambazo zinafika moja kwa moja ndani ya Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money. Njia hiyo ndiyo rahisi kwa wengi. Mwalimu akumbuke kwamba akaunti ya dola na akaunti ya franka ni mbili tofauti: aseme wazi ni ipi anayotaka, ili asipoteze kwenye shanje.

Kwa Goma na Bukavu, benki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23. Tangu hapo wakaaji walitegemea zaidi feza ya simu, na wengine walivuka mpaka ili kutoa feza. Katika hali ya namna hiyo, kinachohesabika ni kinachobaki mkononi nyuma ya makato yote. Mwalimu ajaribu kwanza kwa kiasi kidogo, dola 2 ao 3, mbele ya kumwambia mwanafunzi atume malipo ya mwezi mzima.

Mpango unaofaa ni huu: somo la kwanza fupi, la dakika 20, bure ao kwa bei ndogo, ili watu wajuane. Kisha masomo manne yanalipwa pamoja, mbele ya kuanza. Kumlipisha mtu nyuma ya somo, akiwa kilometa elfu sita, ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Somo lenyewe

Jambo moja linashangaza wanaoanza: watu wawili hawawezi kupiga pamoja kwa intaneti ya kawaida. Sauti inachelewa njiani, na kuchelewa kidogo tu kunaharibu mwendo wa rumba. Basi somo linapangwa kwa zamu. Mwalimu anapiga, mwanafunzi anasikiliza. Mwanafunzi anapiga, mwalimu anasikiliza. Kwa kupiga pamoja, mwalimu anarekodi akompa peke yake, anaituma kwa WhatsApp, na mwanafunzi anapiga juu yake nyumbani kwake.

Jambo la pili: programu za kupigiana simu zimefanywa kwa ajili ya kuongea. Zinaweza kufikiri sauti ya gitare ni kelele na kuipunguza. Zoom ina chaguo la kuacha sauti ya asili ipite, na inafaa kuliwasha pande zote mbili. Lakini Zoom isiyolipiwa inakata nyuma ya dakika 40, hata kama ni watu wawili tu. Wengine wanapanga somo la dakika 40 juu ya hiyo.

Kamera ionyeshe mikono kuliko uso. Simu ikiegemezwa juu ya vitabu, upande wa mkono wa kushoto, mwanafunzi anaona vidole vizuri. Intaneti ikiwa mbaya, picha izimwe na sauti ibaki. Umeme ukikatika katikati, dakika zilizobaki zifidiwe siku nyingine, na hilo lijulikane tangu mwanzo.

Saa nazo zinaleta fujo. Mashariki ya Kongo iko saa moja mbele ya Kinshasa. Wakati wa joto Ulaya, Goma na Brussels ziko saa moja. Wakati wa baridi Brussels inabaki nyuma kwa saa moja. Montreal iko nyuma kwa saa 6 ao 7. Tena, «saa mbili» ya Kiswahili si «saa mbili» ya Kifaransa. Iandikwe hivi: 20h00, saa ya Goma.

Mzee na kijana mwenye simu

Mahali pengi anayejua mkono wa zamani ni mzee asiye na simu nzuri, naye anayejua simu na Kifaransa ao Kingereza ni kijana. Wakiungana, kazi inawezekana. Lakini hapo ndipo kuna hatari ya kumwonea mtu. Kijana anaandika tangazo, anapokea feza, anampa mzee soda na dola 2, na mzee hajui mwanafunzi alilipa ngapi.

Mapatano yawekwe kwenye karatasi mbele ya mwanafunzi wa kwanza: bei ni ngapi, gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa namna gani. Nusu kwa nusu ni hesabu ambayo kila mtu anaielewa. Mzee aonyeshwe ujumbe wa kila malipo, ao mtoto wake ausome kwa sauti. Na kama masomo yanarekodiwa, iandikwe nani ana ruhusa ya kuyauza tena. Video ya mzee inaweza kuendelea kuingiza feza wakati yeye mwenyewe hayupo tena. Watoto wake wana haki ya kujua.

Udanganyifu

Kuna mchezo unaojulikana. «Mwanafunzi» anatuma picha ya malipo ya dola 100, anasema alikosea, somo lilikuwa dola 30, anaomba arudishiwe 70 haraka. Picha si feza. Mwalimu aangalie salio ndani ya akaunti yake mwenyewe, na asirudishe kitu mbele ya kuliona. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote wa haki.

Upande wa pili, kuna walimu wanaopokea malipo ya masomo manne, wanafundisha moja na kuzima simu. Anayefanya hivyo anafunga mlango kwa wapiga gitare wote wa mji wake.

Mwanafunzi akiwa mtoto, mapatano yafanywe na mzazi, na mzazi awe karibu wakati wa somo. Hilo linamlinda mtoto, na linamlinda mwalimu pia.

Nyimbo za wengine

Namna ya kupiga sebene haina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuifundisha. Wimbo ulioandikwa una mwenyewe. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Kuonyesha kipande cha wimbo ndani ya somo ni jambo moja. Kuandika wimbo mzima wa mtu na kuuza karatasi zake kwa watu mia ni jambo lingine, na hapo inapashwa kuomba ruhusa.

Ya kukubaliana mbele ya somo la kwanza

Mambo saba yanatosha kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp: bei ya somo moja na ya masomo manne, urefu wa somo, siku na saa, kwa saa ya mji gani, njia ya malipo na aina ya feza, nini kinafanyika umeme ao intaneti ikikatika, mwanafunzi atoe habari saa ngapi mbele kama hawezi kuja, wengi wanaweka saa 24, na kama kurekodi kunaruhusiwa. Mwanafunzi ajibu «nakubali» mbele ya kutuma feza. Siku ugomvi ukitokea, ujumbe ule ndio utakaosomwa.