Vita vya Lakishi katika mawe ya Ninive

Wafalme wa kale walipenda kuchongwa vitani. Ramses II wa Misri alipigana na Wahiti huko Kadeshi karibu mwaka 1274 mbele ya kuzaliwa Kristu. Katika hekalu la Abu Simbel anaonekana juu ya gari lake, mkubwa kupita wote, na adui wanaanguka mbele yake. Lakini Kadeshi ilibaki mikononi mwa Wahiti, na baada ya miaka 15 hivi wafalme hao wawili walipatana. Mchongaji alilishwa na mfalme. Hakuchonga jambo la kumwaibisha.

Basi, je, picha za namna hii ni uwongo mtupu? Tutazame mfano mmoja unaotuhusu sisi tunaofundisha Maandiko.

Mwaka 701 mbele ya Kristu, Senakeribu mfalme wa Asuri aliingia Yuda na kuteka miji yake yenye maboma. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, kinasema kwamba Hezekia alituma wajumbe kwake huko Lakishi, kisha akatoa talanta 300 za feza na 30 za zahabu. Namna Lakishi ilivyoanguka, kitabu hakielezi. Waasuri nao katika maandiko yao wanahesabu miji 46 bila kutaja jina lake. Walioeleza ni wachongaji. Katika jumba la mfalme huko Ninive, chumba kimoja kilizungushiwa mawe yenye picha za vita hiyo. Mwingereza Layard aliyafukua katika karne ya 19. Leo yamo katika British Museum, London.

Tunaona nini? Waasuri wanapandisha mitambo ya kubomolea ukuta. Watu wa mji wanaitupia mienge ya moto, na askari anaimwagia maji kwa upawa mrefu isiungue. Watu watatu wametundikwa uchi juu ya miti. Mbele zaidi mfalme ameketi, na mateka wanapita. Wenye elimu waliochimba Lakishi katika karne ya 20 walikuta boma la mawe lililojengwa kuufikia ukuta, pamoja na vichwa vya mishale na mawe ya kombeo. Mchongaji hakubuni.

Lakini Yerusalemu haionekani ikitekwa, maana Senakeribu hakuiteka. Wengi wanafikiri kwamba alitukuza Lakishi kwa sababu mji mkubwa ulimshinda.

Tena tutazame wale mateka. Wanaume wanaongoza ng'ombe. Wanawake na watoto wameketi magarini juu ya mizigo yao. Waliwekwa pale kama mali ya mfalme. Baadaye uso wa Senakeribu uliharibiwa kwa kugongwa, labda Ninive ilipoanguka mwaka 612. Lakini safu ya mateka imebaki.

Ndugu makatekista, mkifundisha habari za Hezekia, msiishie kwenye kuokoka kwa Yerusalemu. Watu wa Lakishi walikuwa wa Yuda vilevile, wana wa agano lilelile, nao hawakuokoka. Wanafunzi watauliza kwa nini. Tusiwanyamazishe kwa jibu jepesi. Wakristu wetu wengi wamekimbia vita na mizigo kichwani. Watawatambua upesi wale wa magari ya ng'ombe, na watataka kujua kama Mungu aliwaona.