Ng'ambo Isiyo na Maji

Mgeni afikaye Unguja, akatembea kutoka bandarini hadi Darajani na kuuliza daraja liko wapi, ataonyeshwa soko, na wachuuzi wa samaki na vitambaa, na barabara pana ivumayo magari mchana kutwa, lakini daraja hataliona. Na akiivuka barabara hiyo kwa hatua chache tu ataambiwa kwamba sasa yuko Ng'ambo, ijapokuwa nguo zake hazikulowa hata tone.

Majina hayo mawili ni kumbukumbu ya mkono wa bahari, au hori kama waitavyo mabaharia, ulioingia kutoka kaskazini, pande za Funguni, ukazunguka nyuma ya Mji Mkongwe hadi kukaribia Mnazi Mmoja. Maji yake yalijaa na kupwa mara mbili kila siku, na katika siku za bamvua kubwa, bahari ilipoweza kuikata hata ile shingo nyembamba ya upande wa kusini, mji wenyewe uligeuka kisiwa ndani ya kisiwa. Magharibi ya maji hayo yalisimama majumba ya mawe na chokaa ya wenye mali. Mashariki yake walikaa mafundi, wachukuzi, wavuvi, watumwa waliopata uhuru, na wageni wa kila kabila, wengi wao katika nyumba za udongo na makuti.

Wengi walioandika juu ya Ng'ambo waliidhania kuwa ni chaka la vibanda lisilo na mpango, na hapo, kwa maoni yangu, walikosea kosa kubwa. Hebu tuyasikilize majina ya mitaa yake: Miembeni, Mikunguni, Kikwajuni, Mwembetanga, Mwembeladu, Michenzani, Kisimamajongoo. Mtaa ulichukua jina la mti uliowapa watu kivuli au la kisima walichoteka maji, na mwenye kuuliza njia alielekezwa kwa mwembe na mkwaju kabla nyumba hazijatiwa nambari. Mimi naiona orodha hiyo kuwa ndiyo ramani ya kwanza ya mji, iliyotungwa na watu waliojua dhahiri kwamba katika nchi ya jua kali kivuli ni haki ya jirani kama ilivyo njia, na kwamba pale penye mwembe mkubwa ndipo pa kuwekea baraza, pa kuchezea bao, na pa kupokelea habari za harusi na za msiba.

Serikali ya Himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890, iliyatazama maji yale kwa jicho la daktari. Hori lilikuwa limegeuzwa jaa, na lilipokupwa uvundo wake ulifika madirishani. Basi shauri lililokatwa halikuwa kuliondoa jaa bali kuliondoa hori, nalo likafukiwa kipande kwa kipande, kuanzia kusini, kazi ambayo haikwisha hadi miaka ya 1950. Pale Mnazi Mmoja pakafanywa viwanja vya michezo, mahali pazuri pa kupunga upepo hata leo, ila tusisahau kwamba si kila uwanja wa majani ulizaliwa kwa nia njema. Dar es Salaam nako kuna Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi ili Kariakoo ya Waafrika itengane na mitaa ya Wahindi. Viwanja viwili vya jina moja, na kazi moja.

Mwaka 1923 H. V. Lanchester, msanifu majengo wa London, alitoa kitabu juu ya mpango wa mji wa Zanzibar. Alikwisha kufanya kazi Bara Hindi pamoja na Patrick Geddes, yule Mskochi mwanabiolojia aliyesisitiza kwamba mpangaji hana budi kuuchunguza mji kabla ya kuupasua. Ukafuata mpango wa Henry Kendall mwaka 1958, kisha wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1968, kisha wa Wachina mwaka 1982.

Katika hiyo yote, ulioacha alama kubwa kabisa ni ule wa Wajerumani, kwani ndio uliozaa majumba ya Michenzani, marefu kama mabehewa ya treni, yaliyopangwa kando ya njia mbili pana zikatanazo katikati ya Ng'ambo. Walioingia humo walipata umeme, maji ya bomba na choo cha ndani, mambo ambayo hakuna mwenye insafu awezaye kuyadharau, na nia ya Mapinduzi ya kumpa mnyonge makazi bora ilikuwa nia ya kweli. Lakini nyumba nyingi zilibomolewa ili njia zile zipite, na mtaa wenye jina la michenza ukabaki na kivuli cha saruji.

Mwaka 2011 UNESCO ilitoa pendekezo la kuitazama miji ya kale pamoja na ardhi yake, maji yake, miti yake na desturi za wakazi wake, si majengo tu. Unguja ikalishika neno hilo kwa namna ya peke yake, katika kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishirikiana na jiji la Amsterdam na wasanifu wa African Architecture Matters, na wenyeji wakaulizwa wao wenyewe ni kitu gani katika mitaa yao kina thamani. Baada ya karne nzima ya ramani zilizochorwa na wageni, swali hilo lilikuwa limechelewa mno, nami nafurahi kwamba hatimaye liliulizwa.

Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi hutokeza katika viwanja vya Mnazi Mmoja yakalala juu ya majani, na vijana waliokuja kucheza mpira husimama pembeni, viatu mkononi, wakingoja yapwe.