Amplifaya ya Babu Si Chuma Chakavu

Wadau, tukiongea historia ya taarab tunataja waimbaji tu. Mashine zilizobeba sauti zao hakuna anayezikumbuka.

Mwaka 1904 Mwingereza Ambrose Fleming alivumbua valvu: kichupa cha kioo kisicho na hewa, ndani kuna waya unaopata moto. Mmarekani Lee de Forest akakiongezea kipande cha tatu, na huo ndio msingi wa amplifaya. Kuanzia 1925 santuri zikarekodiwa kwa umeme. 1928 Siti binti Saad akavuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili.

Transista ikaja 1947, ndogo, haili umeme mwingi. Valvu zikawekwa kando. Lakini wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakakataa: Fender au Marshall ya zamani ukiikaza, valvu inakwaruza sauti kwa utamu wake. Leo wanazikusanya kama dhahabu.

Sisi je? Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, 1939, alikuwa bingwa wa udi. Na udi una sauti ya chini. Mbele ya umati wa harusi unataka maiki na amplifaya. Hapa Shela tunajivunia milango ya kuchonga, ilhali amplifaya ya babu iko stoo inaliwa na chumvi.

Unayo? Usiiuze kwa kilo. Wala usiifungue ovyo: hata ukiichomoa, ndani hubaki umeme wa kuua. Mtafute fundi mzee wa redio angali hai. Akienda na ujuzi wake, mashine itabaki bubu.