Bei ya Besi: Spika Nafuu za Sebuleni na Kilichotolewa ili Zipatikane

Anayetafuta spika za sinema ya nyumbani Kariakoo, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, hukutana na ahadi zilizobandikwa juu ya maboksi: wati elfu kadhaa, besi ya kutikisa ukuta, spika tano pamoja na sabufa yake, bluetooth, taa za rangi, na bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia akijibana. Ahadi hizo zina historia, na inafaa kuijua kabla fedha haijatoka mfukoni. Ukiifuatilia kwa miaka mia moja hivi, unaona jambo moja likijirudia: spika nzuri ilishuka bei kila mara mtengenezaji alipokubali waziwazi kupoteza kitu fulani ili apate kingine. Palipodaiwa kwamba hakuna kilichopotea, aliyepoteza ni mnunuzi. Swali la mwenye fedha kidogo basi ni hili: katika sauti yote ya filamu, nikubali kukosa nini? Naamini akubali kukosa wingi wa spika na sehemu ya besi, lakini asikubali kuikosa sauti ya binadamu.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, walieleza spika ambayo umbo lake halijabadilika sana hadi leo: koili ndogo ya waya imegundishwa kwenye koni ya karatasi na kuwekwa katikati ya nguvu ya sumaku, umeme ukipita koili inakwenda mbele na nyuma, na koni inasukuma hewa. Spika hiyo ilipoingia sokoni kwa jina la Radiola 104, iliuzwa dola 250 pamoja na amplifaya yake, na amplifaya yenyewe ilitoa takriban wati 1. Tarakimu hiyo ndiyo ufunguo wa miaka thelathini iliyofuata. Filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, kumbi zenye mamia ya watu zililazimika kujazwa sauti kwa wati chache, kwa hiyo wahandisi wakatumia tarumbeta kubwa za mbao zilizobana sauti na kuipeleka mbele bila kupoteza nguvu. Nyumbani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Klipschorn, aliyoanza kuiuza Paul Klipsch mwaka 1946, iliwekwa kwenye kona ya chumba ili kuta mbili zenyewe ziwe mwendelezo wa tarumbeta. Ilitoa besi nzito kwa umeme kidogo sana, lakini ilihitaji kona tupu na mfuko mpana. Umeme ulikuwa ghali, mbao na nafasi zikalipa deni.

Deni hilo lilihamishwa mwaka 1954 na Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss, mjini Cambridge, Massachusetts. Spika za wakati ule zilishikiliwa kingoni na utepe mgumu uliofanya kazi ya springi, na ugumu huo ulikwaruza sauti koni ilipotakiwa kwenda mbali. Villchur aliulegeza kabisa utepe, akaifunga spika ya inchi 12 ndani ya boksi lisilovuja hata kidogo, na kuiachia hewa iliyofungiwa humo kazi ya kuirudisha koni mahali pake. Hewa ni springi nyofu kuliko kitambaa au karatasi. Matokeo yake, spika iliyoitwa AR-1, ilishuka kwenye besi ambayo kabla yake ilihitaji boksi la ukubwa wa kabati, ilhali yenyewe ilikaa juu ya rafu. Alichotoa Villchur ni ufanisi: AR-1 ilihitaji umeme mwingi zaidi ili isikike kwa kiwango kilekile. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu amplifaya zenye nguvu zilikuwa zimeanza kushuka bei. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya David Hafler ilianza kuuza amplifaya ya wati 35 kwa kila upande ambayo mnunuzi aliweza kuiunga mwenyewe mezani, vipande vikiwa vimepangwa ndani ya boksi pamoja na maelekezo.

Anton Hofmann, aliyeanzisha kampuni ya KLH pamoja na Kloss mwaka 1957, aliyaweka mapatano hayo katika kanuni ambayo wahandisi wa spika huiita ya chuma. Boksi dogo, besi ya chini, na ufanisi: chukua viwili, cha tatu kiache. Ukali wake uko kwenye hesabu. Ukitaka besi ishuke oktava moja zaidi bila kupunguza ufanisi, ujazo wa boksi lazima uongezeke mara 8. Ukikataa kulikuza boksi, ufanisi unashuka hadi sehemu moja ya nane, na amplifaya ndiyo itakayolipa. Hakuna chapa, ya Japani, ya China wala ya Ujerumani, iliyowahi kuikwepa kanuni hii. Baadaye Neville Thiele, kwa makala aliyoitoa Australia mwaka 1961, na Richard Small wa Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha jinsi ya kukokotoa boksi kutokana na vipimo vichache vya spika yenyewe. Tangu hapo hata fundi wa mtaani mwenye vipimo hivyo na kikokotoo anaweza kujenga boksi sahihi. Tundu lile unaloliona kwenye karibu kila sabufa ya bei nafuu ni tunda la hesabu hiyo: hewa iliyo ndani ya bomba lake hutetema pamoja na koni na kuongeza sauti karibu na kiwango kimoja cha mitetemo. Chini ya kiwango hicho besi huporomoka haraka kuliko katika boksi lililofungwa. Mtengenezaji anayetaka kuwavutia watu dukani huweka kiwango hicho juu, pale ambapo boksi dogo linanguruma kwa urahisi, na ndiyo maana sabufa nyingi hutoa noti ileile moja, iwe ni ngoma, bomu au mlango wa gari.

Sinema nayo ilikuwa na mambo yake. Aprili 1933 watafiti wa Bell Labs walipeleka muziki wa okestra ya Philadelphia kwa waya hadi Washington, ukapigwa huko kupitia njia tatu: kushoto, katikati na kulia. Ya katikati iliwekwa ili sauti zisikimbilie pembeni kwa wasikilizaji wasiokaa katikati ya ukumbi, na kumbi za filamu zimeishika njia hiyo tangu zilipoanza kutumia njia nyingi, kwa sababu ndiko yanakotoka maneno ya waigizaji. Filamu ya Fantasia ya mwaka 1940 ilijaribu kuuzungushia ukumbi sauti, lakini mitambo yake ilikuwa ghali mno kusambazwa. Kilichofika nyumbani ni mfumo wa Dolby uliopata umaarufu kwa Star Wars mwaka 1977, ambao ulikunja njia nne ndani ya mbili. Vikunjuzi vya nyumbani vilianza kuuzwa mwaka 1982. Njia ya nyuma ilikuwa moja tu, iliyokatwa sauti zake kali, na njia ya katikati ilisubiri hadi Pro Logic ya mwaka 1987 ndipo ipate spika yake sebuleni. Wakati huo wote sinema ya nyumbani ilisimama juu ya spika mbili za mbele.

Tena kulikuwa na njia ya kupata spika za nyuma karibu bure. Hafler yuleyule wa Dynaco, karibu mwaka 1970, alionyesha kwamba ukichukua spika na kuiunga kwenye chanya ya kushoto na chanya ya kulia, bila kugusa hasi, itapiga tofauti tu kati ya pande mbili. Maneno ya mwigizaji yaliyo sawa pande zote yanafutana na kutoweka, na kinachobaki ni mwangwi wa chumba, mvua, makofi ya watu. Hakuna amplifaya ya ziada wala kikunjuzi. Alichokitoa ni usahihi, maana hakuna anayeweza kusema kwamba sauti ile imetoka pale hasa alipotaka mwongozaji, lakini alikitoa kwa uwazi. (Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi hazina hasi ya pamoja, na kuziunga hivyo huziunguza.)

Kwetu historia hiyo ilifika kwa njia nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Nyumba nyingi za Bara kwa hiyo zilitoka kwenye redio kaseti zikaingia kwenye deki, kisha kwenye sabufa, bila kupita katika miongo ile ya Villchur ambapo watu walizoea kubishana juu ya spika mbili nzuri. Tulipokea umbo la mwisho, boksi moja la besi na vispika vidogo, bila kupokea mjadala uliolizaa. Umbo lenyewe lina mantiki: chini ya mitetemo 80 hivi kwa sekunde sikio halitambui sauti inatoka upande gani, na ndiyo sababu Tomlinson Holman, aliyeandaa viwango vya THX vya sauti ya sinema, alichagua 80 kuwa mpaka. Boksi moja la besi linatosha, na fedha iliyookolewa ingeweza kwenda kwenye spika za mbele. Lakini kispika cha inchi mbili au tatu hakifiki 80. Ili kuziba pengo, sabufa inalazimishwa kupanda hadi 150 au 200, na sauti ya kifua ya mwanamume huanza karibu na 85. Hapo ndipo mtazamaji anapoona mdomo ukisema kwenye skrini huku nusu ya sauti ikitoka chini ya meza, nzito na isiyoeleweka.

Kuhusu wati, Tume ya Biashara ya Marekani iliweka kanuni mwaka 1974 kuwalazimisha watengenezaji wapime nguvu ya amplifaya kwa namna moja inayolinganishika, baada ya matangazo kujaa tarakimu zisizo na maana. Herufi PMPO zinazobandikwa kwenye bidhaa zinazouzwa kwetu hazina kipimo kinachokubalika popote. Kila mmoja hujiandikia. Geuza chombo uangalie nyuma kinavuta wati ngapi kutoka ukutani. Kinachovuta 60 hakiwezi kutoa 3,000 kwa kuendelea, hata boksi lake likisema hivyo kwa dhahabu.

Mtu atasema besi ndiyo raha yenyewe, na kwamba filamu ya vita isiyotikisa kiti si filamu. Nakubali kwamba besi ni sehemu ya furaha, hasa kwa watu waliokulia karibu na ngoma. Ila besi inaweza kusubiri mwaka mmoja bila hasara, kwa kuwa sabufa inayojitegemea huongezwa baadaye bila kubadilisha kitu kingine, ilhali vispika vibovu vya mbele haviponyeki. Na watazamaji wetu wanategemea maneno kuliko wengi: filamu iliyotafsiriwa na Lufufu au DJ Afro ina sauti ya msimulizi juu ya sauti ya waigizaji, na pasipokuwa na spika inayotenganisha mambo katikati ya mitetemo 300 na 3,000, hadithi inapotea. Wengine watasema kompyuta zilizomo ndani ya vifaa vya leo zimeishinda kanuni ya Hofmann. Zimefanya kazi kubwa, ila kwa kulipa kwa sarafu ileile. Kifaa kidogo huongezewa umeme kwenye besi sauti ikiwa chini, na ukipandisha sauti kompyuta huipunguza besi taratibu ili koni isipasuke. Na upau wa sauti unaowekwa chini ya televisheni, ukiwa na spika halisi ya katikati, mara nyingi ni ununuzi mzuri kuliko spika tano dhaifu, kwa sababu aliyeubuni alikubali kuacha spika za nyuma.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba haya yote ni maneno ya wenye masikio ya kitajiri, na mtu wa kawaida hatasikia tofauti. Ushahidi unakwenda kinyume. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika nne, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Moja ilikuwa seti ndogo ya plastiki, ya bei ya chini, yenye boksi la besi na vispika. Zilipoonekana, spika kubwa za fahari zilipanda alama na ile ndogo ikashuka. Pazia liliposhushwa, ile ndogo ilijitetea. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ana masikio yaleyale, na kinachomponza dukani ni macho yake: taa, tarakimu, wingi wa vipande. Apeleke fimbo ya USB yenye sauti ya msomaji wa taarifa ya habari anayemfahamu vizuri, mwanamume na mwanamke, asikilize bila muziki.

Kwa fedha kidogo kabisa, soko la mitumba lina jozi za miaka ya 1980 na 1990 zenye maboksi mazito na amplifaya za wati halisi 20 au 30, ambazo hakuna anayezipigania kwa kuwa hazina bluetooth. Tatizo lao linajulikana na linaonekana: utepe wa sponji unaoshika koni huoza ndani ya miaka kumi na tano au ishirini, zaidi penye joto na unyevu kama Pwani. Ondoa kitambaa cha mbele, bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa. Sponji ikimeguka, punguza bei kwa gharama ya fundi wa kuibadilisha. Koni ikikwaruza ndani, koili imekwisha, acha. Utepe ukiwa wa mpira, huenda spika hiyo ikapiga miaka mingine ishirini.